Kuchekwa na Kucheka Pamoja

Ndugu Wanachama,

Mkutano wetu wa kufunga msimu uliopita ulichukua saa tatu na nusu. Hesabu zilisomwa zikakubaliwa. Taarifa ya miche ilisomwa ikakubaliwa. Mwenyekiti akauliza mara mbili kama yupo mwenye neno, na hapana aliyenyanyua mkono. Nasi tunaoshika kalamu ya chama tukaandika katika daftari kama ilivyo ada: hapakuwa na jambo jengine, mkutano ukafungwa kwa dua.

Baada ya sala ya alasiri tulipita kwenye baraza iliyo jirani na ofisi. Palikuwa na bao. Wachezaji wawili wamekaa kitako, watazamaji wapata wanane, na karibu wote walikuwa katika mkutano ule ule. Kabla ya mabao mawili kumalizika tulikwisha kusikia mambo matano, wala hata moja katika hayo halikutajwa mkutanini. La kwanza, ziko karafuu mbichi zilizolazwa ndani ya mapolo usiku kucha, zikavunda, kisha zikachanganywa na nzuri. La pili, pishi ya dago moja ni kubwa kuliko pishi ya dago jengine. La tatu, yako majamvi ya chama yaliyotoboka na hapana aliyesema. La nne, wako watoto waliopandishwa mitini siku za skuli. La tano lilihusu kamba, nalo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya.

Wanachama wote wanajua kwamba msimu ule kijana wetu mmoja alianguka mkarafuuni akavunjika paja. Alhamdulillahi yu hai na anatembea kwa gongo, lakini kupanda hatapanda tena, naye ana mke na watoto wawili. Sote tulisema ni kudra, na kudra ni kweli. Lakini pale kwenye bao tukasikia kwamba siku mbili kabla ya ajali ile, mchumaji mwengine aliitegemea kamba ile ile, akasikia pote moja linakatika, akadaka tawi la juu yake akashuka salama. Kisha akaikunja kamba, akairejesha penye nyenzake, asimwambie mtu. Alipoulizwa pale barazani kwa nini alinyamaza, alijibu huku akitazama chini, "Mwaka juzi niliteleza mara moja tu, mkaniita Embe Bivu mpaka leo. Ningesema tena, mngeniitaje?"

Watu wote walinyamaza. Mchezaji alibaki na kete mkononi, asijue azitie shimo gani.

Ndugu wanachama, tumelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na maoni yetu ni haya. Chama chetu hakina upungufu wa mikutano, wala hakina upungufu wa mzaha. Tulichokosa ni kukaa pamoja, wachache wachache, tukaitazama kazi tuliyoifanya kwa moyo mweupe, mtu akaweza kusema "hapa nilikosea" na wenziwe wakacheka pamoja naye, wasimcheke yeye. Mtu akichekwa huficha. Watu wakicheka pamoja husema. Na katika kazi kama yetu, kosa lililofichwa aghalabu humwangukia mtu mwengine.

Zitazameni wenyewe khatua za kazi hii. Mkarafuu waweza kupita futi 40 kwenda juu, na tawi lake ni rahisi kukatika kuliko la mwembe au la mfenesi. Karafuu yenyewe haingoji. Ikichumwa changa mno haina mafuta ya kutosha, na ikiachwa mpaka ua likafunguka imekwisha kupungua thamani. Ikichumwa hapana budi ichambuliwe makonyo siku ile ile, ianikwe mahala safi, igeuzwe, ikingwe na mvua, na jua likiwa zuri ikauke kwa siku nne au tano. Ikirundikwa mbichi hupata moto wenyewe kwa wenyewe, ikavunda, ikatoka imesinyaa na rangi imepauka. Hapo daraja la kwanza limekwisha kuwa la tatu, na hapana mizani itakayolirejesha.

Katika kila khatua ya hizo yako makosa ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyafanya. Lakini kila mmoja ameyafanya peke yake, akajifunza peke yake, akanyamaza peke yake. Jirani yake huja akalifanya kosa lile lile msimu unaofuata, akalilipia upya. Tukihesabu, chama kizima kimelinunua somo moja mara mia.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni, ya watu wa semina na karatasi za ukutani. Sivyo. Litazameni bao letu. Mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi za kunamua. Mtu akifungwa haondoki hapo hapo. Mzee aliyekaa pembeni humwambia, "Rejea nyuma, ulikosea pale ulipoiacha nyumba yako wazi." Hubishana, hucheka, huzipanga kete upya ili aonyeshwe. Hapana anayeona haya kuonyeshwa kosa lake kwenye bao, kwa sababu wote waliokaa pale wamekwisha kufungwa, na kesho watafungwa tena. Hivyo ndivyo wachezaji wazuri wa visiwa hivi walivyopatikana, wala hapana aliyewapa cheti.

Au watazameni mama zetu wakati wa kuchambua. Karafuu zimemwagwa juu ya jamvi, taa iko katikati, mikono inakwenda, na midomo nayo haikai. Mmoja husema "Kitendawili!" wenziwe wakaitika "Tega!", na asiyejua hutoa mji. Baina ya kitendawili na kitendawili hutoka maneno ya kazi: nani kaleta mbichi nyingi zilizo changa, nani kaanika juu ya vumbi, jamvi gani limekwisha. Maneno hayo hayamuumizi mtu, maana mwenye kuambiwa leo ndiye atakayetega kesho. Tunaungama kwamba sisi wa ofisi hatujapata kulichukua daftari letu kwenda kukaa karibu na jamvi lile. Laiti tungalikwenda, tungalijua mapema zaidi khabari ya karafuu zilizovunda.

Na huko Makunduchi, kusini ya Unguja, kila mwaka katika mwezi wa Julai hufanywa Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa vipande vya migomba, na wanawake huimba wakikejeliana. Kibanda cha makuti huchomwa moto, kisha watu hula pamoja. Wenyewe husema kwamba hapo ndipo kinyongo cha mwaka kinapotolewa, asije mtu akauingia mwaka mpya na donge moyoni. Mgomba ni laini, hauvunji mfupa, na mchezo una wakati wake wa kuanza na wakati wake wa kwisha. Wazee waliouweka walijua kwamba jambo zito hutolewa kwa urahisi zaidi likivishwa nguo ya mchezo.

Sasa tutoke kidogo nje ya visiwa vyetu, twende Indonesia, maana huko ndiko kwa asili ya karafuu. Visiwa vya Maluku ndivyo vilivyokuwa na mikarafuu kabla ya sisi kuijua, na hata leo Indonesia yaongoza duniani kwa kuzalisha karafuu. Lakini khabari tunayoitaka ni ya mpunga. Wakulima wa huko walishauriwa kwa miaka mingi kupiga dawa ya wadudu, na kila walivyozidi kupiga ndivyo alivyozidi mdudu mmoja mdogo wa rangi ya kahawia anayefyonza mpunga. Sababu yake ni kwamba dawa iliwaua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 serikali yao ilikataza aina 57 za dawa kutumiwa katika mpunga. Lakini amri peke yake haimfundishi mkulima. Basi kuanzia mwaka 1989, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ulianzishwa utaratibu ambao sisi huku twauita shamba darasa.

Wakulima wapata 25 walikutana mara moja kwa wiki muda wote wa msimu. Asubuhi waligawanyika watu watano watano wakaingia shambani, wakatazama shina kwa shina, wakahesabu wadudu wabaya na wadudu marafiki. Kisha walikaa chini wakachora waliyoyaona katika karatasi kubwa: mpunga katikati, wadudu huku na huku, na jua au mawingu juu yake. Kila kikundi kilisimama kikaeleza, na wengine wakauliza. Mkulima akimuuliza bwana shamba, "Mdudu huyu ni nani?" bwana shamba hakukimbilia kumpa jina, bali alimrejeshea suala, "Wewe umemwona akifanya nini?" Na katika kila mkutano uliwekwa wakati wa mchezo. Watu wazima wenye ndevu walicheza, wakacheka, kisha wakarejea kwenye mpunga. Waliouweka utaratibu huo hawakuutia mchezo ili kupoteza wakati. Waliona kwamba mkulima aliyekwisha kucheka na mwenziwe haoni tabu tena kumwambia, "Mimi nilidhani buibui ni adui, nikawaua wote."

Utaratibu huo uliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, na wako miongoni mwetu waliopata kuhudhuria shamba darasa la mpunga, la muhogo au la mboga. Basi twauliza: kwa nini muhogo upate darasa, na mkarafuu, unaotupa nguo za sikukuu na ada za skuli, usipate?

Tunajua majibu yatakayokuja, na yafaa tuyajibu moja moja.

Jibu la kwanza litatoka kwa wazee wetu: "Mzaha mzaha hutunga usaha." Ni kweli, wala hatulipingi neno hilo. Tumekwisha kuuona usaha wenyewe, maana jina la Embe Bivu lilianza kwa mzaha na likaishia kwenye mguu wa mtu. Lakini uko mzaha wa namna mbili. Uko unaomshika mtu mmoja ukamganda, akawa yeye ndiye kichekesho kila siku na wengine wote ni watazamaji. Na uko mzaha unaozunguka, leo kwangu kesho kwako, kama zamu ya kutega kitendawili. Wa kwanza tuukataze. Wa pili tuutafute.

Jibu la pili: kijana atawezaje kumwambia mzee au mwenye shamba kwamba amekosea? Adabu itakuwa wapi? Hapa twapenda kukumbusha kwamba mashauriano si jambo geni kwetu. Sote tuliopita chuoni twajua kwamba iko sura nzima katika Msahafu, sura ya 42, iliyoitwa kwa jina la Shura. Na mashekhe wetu hawachoki kutuusia kila mtu aihesabu nafsi yake kabla ya kuhesabiwa. Mwenye kuihesabu nafsi yake mbele ya wadogo zake hapungukiwi na heshima. Hata majeshini, ambako cheo ni kila kitu, limeonekana hilo. Jeshi la Marekani tangu miaka ya 1970 lilianza kuwakalisha pamoja wakubwa na wadogo baada ya mazoezi, wakaulizana: tulikusudia nini, limetokea nini, kwa nini limetokea, na mara nyengine tufanyeje? Ikiwa askari wa chini aweza kulisema kosa la mkubwa wake pasipo kutiwa ndani, mchumaji naye aweza kulisema kosa la mwenye shamba pasipo kukatwa pishi.

Jibu la tatu: chama kina shida kubwa zaidi, bei, mikopo, miche, wizi wa karafuu, je, huu ni wakati wa michezo? Sisi twasema bei haimo mikononi mwetu. Mvua haimo mikononi mwetu. Lakini kamba imo mikononi mwetu, jamvi limo mikononi mwetu, na ulimi umo vinywani mwetu. Tuanze na kilicho chetu.

Basi twapendekeza haya, na tutayapeleka mbele ya kamati kabla ya msimu ujao kuingia.

Kila tawi ligawanyike vikundi vya watu wasiozidi 12. Wachumaji wawemo, wachambuaji wawemo, wenye mashamba wawemo, na wanawake wasiwekwe nyuma kama wageni. Wakae mara tatu: kabla ya msimu, katikati ya msimu, na baada ya karafuu ya mwisho kuingia polo. Mahala pawe barazani, dagoni, au penye jamvi la kuchambulia, si ofisini. Muda usizidi saa moja na nusu, maana mtu aliyechoka hasikii.

Waanze na mchezo, nao uwe wa kazi yenyewe. Mmoja atege kitendawili kuhusu jambo lililotokea msimu huu, wengine wafumbue. Au wawili waigize: mchumaji awe mwenye shamba, na mwenye shamba awe mchumaji anayedai ujira wake. Tumelijaribu hili mara moja, jioni moja, na watu wanane. Mwenye shamba mmoja, baada ya kujifanya mchumaji na kupimiwa pishi iliyorundikwa mpaka inamwagika, aliinuka akasema, "Kumbe ndivyo ninavyowafanyia!" Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe. Siku ya pili alinunua pishi mpya. Mikutano sita ya chama ilikuwa haijalifanya jambo hilo.

Baada ya mchezo, mkubwa wa kikundi ndiye aanze kulitaja kosa lake mwenyewe. Ukubwa ni jaa, na jaa halichagui taka. Akianza yeye, wengine watafuata. Akianza kwa kutaja kosa la mwengine, kikao kimekwisha na watu waende zao. Kisha waulizane masuala manne yale yale tuliyoyataja. Mwisho wachague jambo moja tu, si kumi, watakaloligeuza, na kikao kinachofuata kianze kwa kuuliza kama limegeuzwa.

Daftari liandikwe jambo, lisiandikwe jina. Na liwepo agano la kila mwanachama: lililosemwa pale halitumiwi kumkata mtu ujira, kumnyima mkopo, wala kumtungia jina. Atakayelivunja agano hilo, huyo ndiye wa kuitwa mbele ya kamati.

Hatudai kwamba vikao hivi vitazuia kila ajali na kila karafuu kuvunda. Twasema tu kwamba mtu hukua katika kazi yake kwa kuyatazama aliyoyafanya, na ni shida kuyatazama mgongoni mwako mwenyewe. Nyani haoni kundule, bali wenziwe waliokaa nyuma yake wanaliona vizuri sana. Kinachotakiwa ni yeye akubali kuambiwa, na wao wajue namna ya kumwambia.

Na kwa kuwa tumesema mkubwa aanze, yatupasa nasi tusiwe watu wa kuwaamrisha wengine tu.

Siku ile barazani, baada ya yule mchumaji kusema yake, mwenziwe mmoja aligeuka akatutazama akauliza kwa upole, "Na ile barua ya kamba, Bwana Katibu, ilifika?" Ilifika. Dago lile lilituandikia kuomba kamba mpya siku kumi na moja kabla ya kijana kuanguka. Tuliisoma mistari miwili ya mwanzo, tukadhani ni malalamiko yale yale ya kila mwaka, tukaitia katika mtoto wa meza chini ya karatasi nyengine. Fedha zilikuwepo. Kamba zilikuwepo madukani. Hapana aliyetukataza kuzinunua. Tulikaa katika mkutano wa saa tatu na nusu, tukaandika kwa mwandiko mzuri kwamba hapakuwa na jambo jengine, na barua imo katika mtoto wa meza ile ile tuliyoegemea.

Tumekwenda kwa kijana yule na kwa wazee wake, tukawaambia hayo kabla ya kuyaandika hapa. Mama yake hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha alituletea chai, akasema, "Kamba za mwaka huu je, mmezinunua?"

Tumezinunua. Ziko ofisini, na kila tawi lije kuchukua zake kabla ya kupanda mti wa kwanza. Kila kamba ikaguliwe pote kwa pote kila asubuhi na watu wawili, na atakayeona uzi umelika aseme kwa sauti. Wala asiwepo wa kumpa jina.

Makatibu wa matawi watakaokuwa tayari kuanza vikao hivi watuletee khabari kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Kikao cha kwanza tutakuja wenyewe. Tutakaa chini kama wengine, na kitendawili cha kwanza tutegewe sisi.

Wenu katika kazi,

Katibu wa Chama